NYUMBA NA SHAMBA: Kipenu cha Kuku Ubavuni mwa Kibanda cha Majembe



Juma hili tuzungumze juu ya kuku, na hasa juu ya mahali wanapolala usiku. Najua wako watakaosema, "Kuku nao wajengewe nyumba? Wazee wetu waliwalaza jikoni, nasi tukala mayai yao tukakua." Ni kweli, hatukatai. Lakini hebu kaa kitako pamoja na mama wa nyumba mkahesabu. Vifaranga wangapi walianguliwa mwaka jana nyumbani mwako? Na wangapi walifika ukubwani? Wengine walichukuliwa na mwewe mchana, wengine na kicheche usiku, na wengine walikufa kwa mdondo siku tatu tu, mkabaki na jogoo mmoja asiye na wa kumwimbia. Mkimaliza hesabu hiyo mtaona kwamba kuku hawana hasara. Hasara iko katika malazi yao.

Kuku wa nyumbani si mchezo. Ndio benki ya mama. Daftari likiisha, kuku mmoja huenda sokoni. Mtoto akiugua, kuku wawili humlipia nauli na dawa. Mgeni akifika, jogoo huanguka. Mama akiwa na kuku ishirini haendi kukopa kwa jirani. Kuku wakifa wote, hata chumvi huanza kuwa mashaka. Ndiyo sababu twataka leo tuwatafutie kuku hao mahali pazuri, tena kwa gharama ndogo.

Njia iliyo rahisi kwa watu wengi ni kujenga kipenu. Katika nyumba nyingi kuna kibanda cha kuwekea majembe, mapanga, magunia na mbegu. Ubavu mmoja wa kibanda hicho ukiutumia kama ukuta wa kuku, umekwisha kupata robo ya kazi bure. Zimebaki kuta tatu na paa. Lakini twende pole pole, maana kipenu kina siri zake. Mtu akikimbilia nyundo kabla ya kufikiri, ataharibu kibanda cha zamani na kuwadhuru kuku wapya.

Kwanza zungumzeni nyumbani

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, baba na mama waulizane jambo moja. Kibanda cha majembe kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha baba. Kuku kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mama na watoto. Je, kipenu kikishajengwa kwa mabati aliyonunua baba, fedha za mayai zitakuwa za nani? Usicheke, ndugu yangu. Nyumba nyingi zimepata ugomvi kwa jambo kama hili. Kuku walipokuwa watano hakuna aliyewauliza. Walipofika thelathini, baba akaanza kuwaita "kuku wangu," mama akavunjika moyo, asiwafagilie tena wala kuwapa maji, na baada ya miezi michache kipenu kikawa kitupu.

Basi kubalianeni mapema. Mathalani, fedha za mayai zikae kwa mama kwa ajili ya chumvi, sabuni na madaftari. Wakiuzwa kuku wengi kwa pamoja, mshauriane wawili. Namna yo yote mtakayokubaliana ni njema, mradi mmekubaliana. Watoto nao wapewe sehemu yao. Mtoto aliyepewa jike mmoja awe wake hatasahau kufunga mlango jioni.

Na kwa ninyi mnaokaa Mkuyuni, hapo unapotoka mjini Mwanza kuelekea Butimba na Nyegezi, kuna jambo jingine. Mwanza ni jiji tangu mwaka 2000, na miji ina sheria zake ndogo juu ya kufuga wanyama na kujenga karibu na mpaka wa jirani. Pita katika ofisi ya kata umwulize afisa mifugo, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Mifugo. Kuuliza hakupunguzi kitu. Tena usisahau kumwambia jirani wa upande huo, maana yeye ndiye atakayeamshwa na jogoo wako alfajiri.

Ndani ya kibanda mna nini?

Hili ndilo neno kubwa la leo, nami naomba ulisome mara mbili.

Fungua kibanda chako utazame. Humo mna jembe na panga, vema. Lakini huenda mna pia chupa ya dawa ya kunyunyizia pamba au nyanya, pampu ya kunyunyizia isiyooshwa, sumu ya panya, na mbegu za mahindi za dukani zilizopakwa dawa yenye rangi. Vitu hivi vyote ni sumu kwa kuku. Kuku hajui kuchagua. Akiona punje nyekundu huidona. Akiona vumbi hujipaka na kuchakura. Akila nyingi hufa papo hapo. Akila kidogo kidogo aweza kuonekana mzima, akaendelea kutaga, na ile sumu ikaingia katika yai, na yai likaingia katika kinywa cha mtoto wako. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sikiliza habari iliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Huko Vikuge, wilaya ya Kibaha katika mkoa wa Pwani, dawa nyingi za wadudu, nyingine zilizokwisha kupita muda wake, ziliwekwa bandani katika miaka ya 1980. Banda likaanguka, na dawa zikaingia ardhini. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa karibu na mahali hapo yalipimwa, yakakutwa na mabaki ya kemikali za hatari. Angalia basi: tangu dawa zilipoletwa hata mayai yalipopimwa ilikwisha kupita miaka mingi, na bado ardhi ilikuwa haijasahau.

Kibanda chako si ghala la Vikuge, ndiyo, lakini kanuni ni ile ile. Kama una kopo la kale la DDT lililoachwa na babu wakati wa kilimo cha pamba, ujue kwamba dawa hiyo hukaa ardhini miaka na miaka, na hukusanyika katika mafuta ya mnyama na katika mayai. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiondoa mashambani kwa sababu hiyo. Usilimwage, usilichome moto, wala usilitupe ziwani. Lifunge, liweke mbali na watoto, ukamwulize afisa kilimo la kufanya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: dawa zote zitoke kabla kuku hawajaingia. Zipate sanduku lenye kufuli mahali pengine, mbali na chakula na mbali na kuku. Kama huna mahali pengine pa kuziweka, basi acha shauri la kipenu, ukawajengee kuku banda lao peke yake. Na kama mahali unapotaka kujenga ndipo ulipokuwa ukichanganyia dawa na kuoshea pampu miaka yote, chagua ubavu mwingine, maana kuku atachakura udongo huo kila siku.

Kanuni ya pili: usitoboe mlango kati ya kibanda na kipenu. Najua inavutia. Utasema, "Nitapita humo humo hata mvua ikinyesha, nikaokote mayai bila kulowa." Lakini mlango huo utapitisha vumbi la kuku lije juu ya mbegu, utapitisha panya waje kwenye pumba, na siku mtoto atakaposahau kuufunga kuku wote wataingia kwenye magunia. Mlango wa kuku uwe nje.

Kuchagua ubavu

Mwanza iko karibu sana na mstari wa Ikweta, kiasi cha digrii mbili na nusu tu upande wa kusini. Kwa hiyo jua la mchana hupita karibu juu ya utosi, nalo paa hulizuia. Jua linalosumbua kuku ni lile la asubuhi na lile la alasiri linaloingia kwa ubavu. Basi ubavu ulio wazi wa kipenu ukitazama kaskazini au kusini ni vizuri. Ukitazama magharibi, kuku watapata joto kali la alasiri. Kama kibanda chako hakina ubavu mwingine ila wa magharibi, usikate tamaa: refusha ukingo wa paa, tundika jamvi kuukuu la kuteremshwa alasiri, au panda mipapai mbele yake.

Tazama pia maji ya mvua. Huku kwetu milima ni ya mawe, na mvua ya masika huteremka kwa nguvu kama mtu anayefukuzwa. Simama mahali pale wakati wa mvua uone maji yanapita wapi. Kipenu kisikae katika njia ya maji. Upande wa juu uchimbe mtaro wa kuyageuza, na sakafu ya kipenu iinuliwe kiasi cha sentimita 15 kupita ardhi ya nje, kwa mawe madogo na changarawe iliyoshindiliwa. Mawe hatununui Mwanza. Ni kuokota tu. Kuku anayelala juu ya unyevu hupata mafua, na vifaranga hupata ugonjwa wa kuhara damu.

Ukubwa wa kipenu

Hesabu ni nyepesi. Kuku wa kienyeji wanaotoka mchana kutembea, weka watano katika kila mita moja ya mraba. Tuseme ubavu wa kibanda una urefu wa mita 3. Ukitoka nje mita 2, umepata mita za mraba 6, nazo zatosha kuku 30. Majike 25 na majogoo watatu, na nafasi kidogo imebaki. Usijaze kupita kiasi. Kuku wakibanana hudonoana, hula mayai yao, na ugonjwa ukiingia huwamaliza wote usiku mmoja kama moto wa nyasi.

Sasa paa. Kama ukingo wa paa la kibanda uko mita 2.1 juu ya ardhi au zaidi, waweza kuingiza paa la kipenu chini yake. Upande wa ndani uwe mita 2, na upande wa nje mita 1.6. Mteremko huo wa sentimita 40 wawatosha mabati. Mabati ya mita 2.5 yatafunika upana wote na kubakiza ukingo wa kuzuia mvua.

Lakini paa la nyasi halitaki mteremko mdogo. Nyasi zataka kushuka karibu sawa na zinavyokwenda: ukienda futi moja nje, paa lishuke karibu futi moja. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, maji hukaa ndani ya nyasi, zikaoza, paa likavuja. Sasa piga hesabu: ukienda mita 2 nje na kushuka mita 2, utakuwa umefika chini kabisa! Kwa hiyo mwenye nyasi asijenge chini ya ukingo wa paa. Ajenge kwenye ukuta wa kichwani, ule unaopanda juu hata kwenye mgongo wa paa. Hapo hupata kimo. Naye aufunike vizuri mshono wa paa na ukuta, kwa bati lililokunjwa na kuingizwa ukutani, kisha likandikwe, maana mshono huo ndio njia ya kwanza ya maji.

Kiegemee, kisibebwe

Mafundi wengi wa haraka hugongomea paa la kipenu moja kwa moja kwenye ukuta wa kibanda. Ukuta ukiwa wa tofali za kuchoma na saruji, huenda usilalamike. Lakini vibanda vingi ni vya miti na udongo, au vya tofali mbichi, na vimekwisha kuliwa na mchwa chini. Ukivitwisha mzigo mpya, siku ya upepo mkali wa ziwani paa la kipenu litavuta ukuta, na vyote viwili vitaanguka, pamoja na majembe na kuku.

Kwa hiyo kipenu kisimame kwa miguu yake mwenyewe. Chimba mashimo manne kando ya ukuta wa kibanda, na manne mbele, kila shimo kina cha sentimita 60, umbali wa mita moja kati ya nguzo na nguzo. Nguzo za mikaratusi zafaa. Sehemu itakayoingia ardhini uichome motoni mpaka iwe nyeusi juu juu, au uipake oili chafu, kusudi mchwa asiipende. Shindilia mawe kuzunguka nguzo, na kila nguzo uipime kwa timazi. Juu ya nguzo laza miti miwili, mmoja nyuma na mmoja mbele. Mafundi huuita mwamba. Kisha weka fito za kwenda mteremkoni, na mbao za kupigilia mabati. Ingiza mabati chini ya ukingo wa paa la zamani kiasi cha shubiri moja. Hivyo kipenu kinaegemea kibanda bila kumlemea mzee.

Maji ya paa la kibanda sasa yatamwagika juu ya paa la kipenu. Usiyapoteze. Paa la kipenu peke yake, lenye mita za mraba 8 hivi pamoja na kingo zake, likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 80, yaani ndoo nne za lita 20. Ukiongeza ya paa la kibanda, pipa linajaa kwa mvua moja nzuri. Weka mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko. Maji hayo yatawanywesha kuku na kumwagilia mchicha, na mama amepunguziwa safari ya kwenda kuteka.

Kuta, hewa na maadui

Kuta tatu mpya zijengwe chini kwa mawe au tofali kimo cha sentimita 60, na msingi wake uingie ardhini, kusudi nguchiro na kicheche wasichimbe kupita chini. Juu ya hapo weka wavu wenye matundu madogo. Ukipata matundu ambayo kidole gumba hakipiti, umemzuia hata nyoka mkubwa. Upande ule ambao mvua hupiga zaidi uzibe mpaka juu. Usizibe pande zote kwa kuogopa baridi. Kinyesi cha kuku hutoa hewa kali inayounguza macho na mapafu. Jipime mwenyewe: asubuhi, kabla ya kufungua, ingia uchutame mpaka kichwa chako kiwe mahali pa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, hewa haitoshi.

Ukuta wa zamani nao usisahauliwe. Mara nyingi juu ya ukuta wa kibanda pana uwazi kati ya ukuta na paa. Uzibe wote, ama kicheche ataingia kibandani akateremka kwa kuku kama mwenye nyumba. Kisha tazama nyufa za ukuta. Humo ndimo utitiri na papasi hujificha mchana, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Kuku hukonda, huacha kutaga, vifaranga hufa, nawe wasema umerogwa. Ziba nyufa, kandika ukuta laini, kisha upake chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa, usipoziba ufa utazika kuku.

Sisi tunaokaa karibu na ziwa na milima ya mawe tuna adui mwingine, naye ni kenge. Yeye hupenda mayai kuliko wewe. Funga mlango wa kipenu hata mchana wakati kuku wametoka, ukiacha kitundu kidogo cha kupita majike wanaotaka kutaga. Na mayai yaokotwe kila siku, asubuhi na alasiri. Mlango mkubwa uwe na bawaba imara, komeo na kufuli, maana kuna kicheche mwenye miguu miwili pia.

Vitu vya ndani

Kuku hupenda kulala juu. Weka fito mbili za kulalia, kila moja urefu wa mita 3 na unene wa mpini wa jembe, kimo cha sentimita 60 hadi 90. Kila kuku hutaka sentimita 20. Kwa hiyo fito mbili za mita 3 zawatosha kuku 30 kamili. Ncha za fito ziwe juu ya vigingi, zisiguse ukuta, kusudi papasi wasipate daraja. Zichongwe ziwe laini, pasiwe na miiba wala nyufa.

Viota vya kutagia vitano vyatosha majike 25. Kila kiota sentimita 30 kwa 30, mahali penye kivuli, pamewekwa nyasi kavu. Sakafuni tandaza maranda ya mbao au pumba za mpunga unene wa sentimita 5 hadi 10, na kila mahali palipolowa patolewe. Matandiko yaliyochoka si takataka. Yarundike yaoze vizuri kwanza, ndipo uyapeleke kwenye mboga au migomba. Yakiwa mabichi huunguza mimea.

Chakula pia. Kuku wako wataokota mchana, lakini jioni wape kidogo, wapende kurudi. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, na dagaa wa ziwa waliokauka vizuri na kusagwa, ni chakula bora. Mashudu ya pamba yasizidi, kwani yana kitu kinachowadhuru kuku na kuharibu rangi ya kiini cha yai. Wala usiweke jiko la mkaa ndani ya kipenu usiku kupasha vifaranga joto bila mtu wa kukesha. Maranda, mbao na magunia vimepakana; cheche moja itakula kibanda na kipenu.

Faida iliyo kubwa kuliko zote

Sasa utaniuliza, "Kazi yote hii, faida yake kubwa ni nini?" Nakujibu: ni kuweza kuwachanja kuku.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio uliomaliza kuku wa vijijini kuliko mwewe wote na vicheche wote. Dawa ya kuuponya haipo. Ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, nao waliupa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, lakini hauchagui nchi. Iko chanjo, nayo ni rahisi. Ile iitwayo I-2 ilitafutwa kwa ajili ya kuku wa vijijini hasa, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Ni tone moja tu katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi mitatu. Hata hivyo iweke mahali pa baridi, mbali na jua, ukafuate maneno ya aliyekuuzia. Nayo humkinga kuku mzima. Aliyekwisha kuugua haimsaidii.

Lakini utamtiaje tone kuku anayelala juu ya mwembe? Hapo ndipo watu hushindwa. Wanachanja wanane, kumi na wawili wanawakimbia, na ugonjwa ukija huwapata hao kumi na wawili. Mwenye kipenu hana tabu hiyo. Jioni anafunga. Asubuhi anasimama mlangoni na mwanawe. Mmoja anakamata, mmoja anatia tone, kuku anatoka, anafuata mwingine. Kuku 30 humalizika kabla chai haijapoa. Tena majirani wakipatana siku moja, chupa moja hutumika kwa nyumba nyingi, na gharama hugawanywa.

Ukihamishia kuku wako katika kipenu kipya, wafungie siku tatu au nne pamoja na chakula na maji, wapate kujua ndipo kwao. Ukinunua kuku sokoni, usimwingize siku ile ile. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi mfunge kamba mbali na wenzake siku 14, umtazame. Na kuku akifa kwa ugonjwa, mzike chini sana au mchome. Usiwauze wagonjwa haraka haraka sokoni ili kuokoa senti. Fedha hiyo hupeleka mdondo katika nyumba ya mama mwingine, naye pia ana daftari la kununua.

Basi, ndugu msomaji, ukianza wakati wa kiangazi, kazi hii haitamshinda baba mmoja na vijana wawili. Toa dawa, chagua ubavu, simamisha nguzo, ziba nyufa, kisha chanja. Ukifuata taratibu hiyo, mwakani mama atakapohesabu vifaranga, hesabu itakuwa nyingine.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kulea vifaranga tangu wanapoanguliwa, siku ya 21, hata wanapoachwa na mama yao. Kwa herini.